Kabla Boti Haijafunga Kamba Goma

Msafiri anayepanda boti Bukavu kwenda Goma huulizwa mengi. Huulizwa kitambulisho, huulizwa anakwenda kwa nani, mfuko wake hufunguliwa, hulipa ushuru huu na ule, kisha hupewa kikaratasi chenye muhuri atakachokionyesha tena upande wa pili. Nimekulia kwenye foleni hizo. Mama yangu alikuwa akifanya biashara ya vitenge kati ya miji hii miwili, na sura za watu wa bandarini nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwa miaka yote hiyo sijamwona mtu akiiuliza boti kwa ukali ule ule: wewe unaruhusiwa watu wangapi? Mizigo yako ina uzito gani? Leo umezama kiasi gani majini? Nani alikukagua mara ya mwisho, na alikukuta na nini?

Naandika haya kwa sababu naamini bandari zetu za Ziwa Kivu zimeweka mambo kichwa chini miguu juu. Zinamhoji abiria na kukiacha chombo kipite, na hilo limetugharimu watu wengi.

Angalia meli inavyopokelewa katika bandari ya bahari. Kabla haijaonekana hata kwa darubini, bandari imekwisha kuijua. Wakala wake ametuma taarifa ya kuwasili: jina la meli, bendera yake, urefu wake, inazama majini kiasi gani mbele na nyuma, imetoka wapi, imebeba nini, ina mabaharia wangapi. Mwaka 1965 ulipitishwa mkataba wa kimataifa unaojulikana kama FAL, uliosawazisha fomu hizo ili nahodha asiulizwe jambo moja kwa namna kumi katika bandari kumi: tamko la jumla la meli, tamko la shehena, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, orodha ya mizigo ya hatari na nyinginezo chache. Tangu Januari 2024 nchi zilizoungana na mkataba huo zinatakiwa kupokea taarifa zote kwa njia ya kielektroniki, kupitia dirisha moja, ili uhamiaji, forodha, afya na mamlaka ya bandari wasome waraka ule ule.

Kisha yanakuja ya afya. Meli hukaribia ikiwa imepandisha bendera ya njano, ile ya herufi Q, kutangaza kwamba ndani yake hakuna maradhi na kwamba inaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa hiyo itoke, hakuna anayeshuka. Baada ya hapo rubani wa bandari hupanda melini, maana nahodha aliyevuka bahari nzima bila shida huenda hajui mwamba ulio karibu na gati. Huyo rubani si mapambo. Katika bandari nyingi, meli kubwa isiyokuwa naye haisogei.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kule magharibi mwa nchi yetu wenyewe, meli inayokwenda Matadi humchukua rubani Banana, kwenye mlango wa Mto Kongo, kisha hupanda na mto kama kilometa 150. Mchanga husogea, njia ya maji hubadilika, na karibu kabisa na Matadi mto hujikunja na kuzungusha maji mahali wazee wa mto walipopaita Chaudron d'Enfer, yaani Chungu cha Jehanamu. Kina kinachopatikana hupimwa na kutangazwa, na meli inayozama zaidi ya kina hicho hupunguza shehena au haipandi. Nahodha anaweza kuwa na haraka, mwenye mali anaweza kuwa na jina kubwa, lakini mchanga ulio chini hauangalii hayo. Kwa hiyo Kongo inajua kuiuliza meli. Inafanya hivyo upande ule, na kinachoniuma ni kwamba upande huu hatufanyi.

Najua jibu ambalo mtu wa Bukavu atanipa, kwa sababu hata mimi nimelisikia tangu utoto: kwetu hakuna meli ngeni. Ni kweli. Ruzizi hutoka ziwani pale Bukavu na kushuka kwa kasi kuelekea Tanganyika, na hakuna chombo kinachoweza kuupanda mto ule. Ziwa Kivu limefungwa. Liko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na boti za chuma unazoziona Goma zimeunganishwa kando ya ziwa hili hili, bamba kwa bamba, na mafundi wa kuchomelea ambao baadhi yao tunawajua kwa majina. Ukiacha zinazotoka ng'ambo, upande wa Rwanda, Gisenyi, Kibuye na Cyangugu, hakuna kitu kinachoelea hapa ambacho hatukukiona kikizaliwa.

Mkuu wa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa anaweza kupokea asubuhi meli ambayo hajawahi kuisikia, bendera ya Panama, wenye mali Ugiriki, mabaharia Wafilipino. Ndiyo maana anadai vyeti. Sisi tunazijua boti zetu kwa rangi na kwa honi. Mtoto wa Nguba, mtaa wa Bukavu, hukuambia ni boti gani inaingia kabla haijakata kona ya rasi. Na mazoea hayo ndiyo yaliyotulaza. Ukikijua kitu kwa jina unaona haya kukidai karatasi. Kapiteni ni baba wa rafiki yako, mwenye boti anasali kanisa moja na wewe, fundi aliyeongeza ghorofa ya pili ni jirani. Nani atamwuliza fundi huyo kama alipiga hesabu ya uzito alioupandisha juu?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyoitwa Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku hapa Goma. Watu waliokuwa ufukweni waliiona ikilala upande. Mwaka ule vita vilikuwa vimeziba barabara ya Sake kwenda Minova, na sehemu kubwa ya chakula cha Goma ilipita majini pamoja na mama waliokileta. Kila mtu alijua boti zimejaa kupita kiasi, kwa sababu mihogo, ndizi na makaa ya jiji zima vilikuwa vimehamia kwenye maji. Idadi ya waliokuwemo ilitajwa kwa namna tofauti na viongozi tofauti, na ya waliofariki vilevile. Familia zilizunguka kati ya hospitali na ufukwe zikiwa na picha kwenye simu, kwa sababu orodha ya kuaminika haikuwepo.

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 wakakosekana. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe, na agizo likatoka kwamba kila anayesafiri ziwani avae gile, yaani jaketi la kuokolea maisha. Kwa muda ziliuzwa na kukodishwa kila bandari.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria wamepita njia hiyo hiyo, na uchungu wao ungetufaa kama tungeusoma vizuri. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili tu. Wa daraja la tatu, wale waliolipa kidogo, hawakuandikwa. Mpaka leo hesabu ya waliokufa ni ya makadirio. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Aliyekata tiketi alifariki, na mashine ya tiketi ilizama pamoja na kivuko.

Hilo la mashine ndilo linalonirudia kichwani. Orodha ilikuwepo, lakini ilikuwa chomboni. Orodha inayosafiri pamoja na abiria haimsaidii anayebaki. Ndiyo maana sheria ya kimataifa ya usalama baharini, SOLAS, inadai watu wote wa meli ya abiria wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na taarifa zao ziwe nchi kavu, mikononi mwa mtu anayeweza kuzitumia siku ya msiba. Kwa ziwa letu tafsiri yake ni nyepesi sana. Bukavu ikimaliza kupakia, orodha ipigwe picha kwa simu na kutumwa Goma kabla kamba haijafunguliwa. Goma ijue: boti fulani, imetoka saa fulani, ina watu kadhaa, watoto kadhaa, tani kadhaa. Ikifika, wahesabiwe wanaposhuka. Ikichelewa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza iko wapi. Hilo ndilo ninaloliita sharti la kuingia bandarini: usipotangazwa na ulikotoka, hufungi kamba ulikofika mpaka kapiteni ajieleze.

Wapo watakaosema haiwezekani, watu ni wengi, mama wana haraka ya soko. Nawaomba wakumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akapatikana Goma. Bandarini yaliwekwa madumu ya maji yenye dawa, na watu wenye kipimajoto cha mkononi. Kila aliyepita alinawa, kila aliyepita alipimwa paji la uso. Mama mwenye gunia kichwani alilitua, akapimwa, akalibeba tena. Mwenye suti naye alipimwa. Tulilalamika, lakini tulisimama kwenye mstari. Niliwaona vijana wale wakifanya kazi juani bila kuchoka na nawaheshimu mpaka leo. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha Juni 2020, na madumu yakaondoka. Lakini jambo moja lilikuwa limethibitishwa mbele ya macho yetu: katika bandari za ziwa hili, kila mtu anaweza kusimamishwa na kuangaliwa mmoja mmoja, na soko lisife. Kama tuliweza kupima joto la kila kichwa, tunaweza kuandika jina lake.

Sasa niseme kuhusu mahali penyewe. Goma imejaliwa ufukwe ambao bandari nyingi zingeutamani. Hakuna maji kupwa na kujaa, kwa hiyo gati halihitaji kuzingatia saa. Pwani ya mawe ya volkano hushuka haraka, kina kinapatikana karibu na nchi kavu. Upande huu wa kaskazini ndio wenye kina kikubwa zaidi cha ziwa, karibu mita 485. Mlima wenyewe ndio unaoendelea kuichonga pwani hii: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji katikati na kumwagika ziwani. Na mlima huo huo ndio unaoifanya bandari kuwa mlango wa kukimbilia. Mei 2021, baada ya mlipuko wa tarehe 22, amri ya kuhama ilipotolewa, maelfu walimiminika kuelekea boti za Bukavu. Nilikuwa katika umati ule na shangazi yangu, tukisukumwa kuelekea daraja la ubao lenye upana wa mtu mmoja. Hakukuwa na uzio wa kupanga watu, wala sehemu ya wazee na wagonjwa, wala sauti moja ya kusema boti ipi imejaa.

Ukifika Kituku siku ya soko utaona hali ile kwa ukubwa mdogo. Boti inasogeza pua kwenye mteremko, ubao unawekwa, na wapagazi wanaingia kabla abiria hawajashuka. Wote wanakwenda upande mmoja, upande wa nchi kavu. Hiyo ndiyo dakika ya hatari kuliko zote kwa boti iliyopakiwa juu: imefika, watu wamesimama, uzito wote umehamia ubavu mmoja. Gati lenye ngazi mbili, moja ya kushukia na moja ya kupandia mizigo, na kamba ya kuwazuia watu kusimama kabla boti haijafungwa mbele na nyuma, lingegharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ningeongeza mizani ya magunia mlangoni, taa za usiku, choo, na boti ndogo ya uokoaji yenye mafuta ndani yake wakati wote. Kreni zinaweza kusubiri.

Gile nayo ina habari yake. Mama mmoja muuza mkaa niliyekaa naye tukitoka Minova alikuwa ameikalia yake ili asilowane. Nikamwomba aivae.

"Mwanangu," akaniambia, "nikivaa hii kitu, mutoto nitamubeba wapi?"

Nilitazama mgongoni mwake, nikatazama gile. Ilikuwa ya mtu mzima, ya kufungwa kifuani na mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi michache. Hakukuwa na gile ya mtoto katika boti ile yote. Kanuni za bahari zinadai gile za watoto zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikibidi ili kila mtoto apate yake, na za watoto wachanga pia. Sisi tuliamuru gile kwa watu ambao nusu ya safari zao wamebeba mtoto, kisha tukawalaumu kwamba hawataki kuzivaa. Mkaguzi anayehesabu gile bila kuhesabu watoto hajakagua.

Na mzigo je? Mwaka 1876 Waingereza walilazimishwa kuchora mstari ubavuni mwa kila meli ya biashara, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigana miaka mingi na wenye meli waliopakia kupita kiasi huku bima ikiwalinda wao na bahari ikiwala mabaharia. Kinachonivutia katika mstari ule ni kwamba hauhitaji ofisi. Ukizama, umezama, mvuvi anauona, mchuuzi anauona, mtoto anauona. Alama hizo hutofautisha hata maji na majira: meli iliyopakiwa baharini ikiingia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huzama zaidi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia 2.5. Kwetu maji ni hayo hayo baridi mwaka mzima, lakini upepo haufanani. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huvimbisha ziwa kiasi kwamba safari ya asubuhi na ya alasiri ni safari mbili tofauti. Ningetaka kila boti ya Kivu iwe na mistari miwili, ule wa masika na ule wa kiangazi ulio chini zaidi, kwa rangi nyeupe inayoonekana kutoka sokoni, na pembeni yake namba ya watu inayoruhusiwa, kwa tarakimu kubwa za kusomeka na mtu aliye juu ya mteremko wa Kituku.

Nani ataukokotoa mstari huo? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani lazima mtaalamu atoke Ulaya na mitambo. Kipimo kinachohitajika kinafanywa duniani kote kwa vifaa vya kawaida. Boti hufungwa kwa kamba zilizolegea kwenye maji tulivu. Uzito unaojulikana, tuseme mifuko ya saruji, huwekwa sitahani na kuhamishwa kutoka ubavu huu hadi ule kwa hatua zilizopimwa. Ndani ya boti huning'inizwa timazi kwa uzi mrefu, kitako chake kikiwa ndani ya ndoo ya mafuta ili kisiyumbe. Kila uzito unapohamishwa, hupimwa timazi imesogea kiasi gani. Kutokana na vipimo hivyo, na umbo la boti, mhandisi hujua uzito wa chombo umekaa juu kiasi gani, na kwa hiyo ghorofa ile iliyoongezwa imekiacha na nguvu gani ya kujirudisha kikilala upande.

Ghuba ya Bukavu alfajiri, kabla upepo haujaamka, ina maji tulivu ya kutosha kwa kazi hiyo. Saruji ipo, mafundi wapo, wahandisi wanahitimu katika vyuo vyetu kila mwaka. Boti moja ingechukua asubuhi moja. Tungeanza na zile zinazobeba watu wengi kati ya miji miwili, tukaendelea na za Idjwi, Kalehe na Minova, na matokeo ya kila boti yakabandikwa kwenye kibanda cha tiketi. Ushuru ambao mama yangu aliulipa bandarini kwa miaka yote ya biashara yake ungetosha kununua mifuko ile ya saruji, uzi, timazi na ndoo, na ninaamini angependa kujua kwamba ndiko fedha zake zilikokwenda.